Chuno: Injini Kuukuu na Oili ya Umri Wake

Ukifika Mtwara usiishie bandarini wala sokoni. Pita pia Chuno, moja ya kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Huko, chini ya mkorosho mmoja, nilikuta mafundi wamelizunguka gari aina ya Peugeot 404 lenye umri unaozidi miaka 50.

Vijana hawalijui gari hilo. Wazee wanalikumbuka, kwani aina hiyo ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mwenye gari, mzee mstaafu, alikuwa ametumia fedha za misimu miwili ya korosho kuifufua injini: pistoni, silinda, ringi na beringi, vyote vipya. Lililosalia ni oili, na hapo ndipo ubishi ulipozuka.

Mwanawe alikuwa ameleta galoni la oili ya sintetiki, nyepesi, ya bei kubwa kuliko zote dukani.

"Baba, hii ndiyo ya kisasa," alisema.

Fundi akatikisa kichwa. "Ya kisasa kwa injini ya kisasa, kijana wangu."

Zisikilize sababu zake, huenda nawe ukazihitaji. Kwanza, ringi mpya hazina budi kusuguana kidogo na kuta za silinda mpaka zizoeane. Oili inayoteleza mno huchelewesha jambo hilo, na ringi zisipokaa sawasawa injini itakula oili na kutoa moshi wa buluu. Pili, injini za zamani zina sehemu za chuma zinazosuguana kwa nguvu, hasa kemshafti na tapeti, nazo hulindwa na zinki na fosforasi iliyomo katika oili. Oili nyingi nyepesi za siku hizi zimepunguziwa viungo hivyo ili visiharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho 404 haina. Tatu ni hali ya hewa. Usomapo 20W-50, tarakimu ya kwanza yaeleza wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa imechemka. Pwani ya Ruvuma haina theluji. Adui wetu ni joto.

Basi ikanunuliwa 20W-50 ya kawaida, isiyo ya sintetiki, kwa bei nafuu zaidi. Fundi alikagua kwanza kizibo kama hakijafunguliwa, kisha herufi S inayoonyesha kuwa ni ya injini ya petroli.

Tukashika njia ya Mikindani, mwana akiendesha. Amri ya fundi ilikuwa fupi: usiiache injini ikiunguruma bure mahali pamoja, usiikimbize, badilisha mwendo mara kwa mara, na ikifika kilometa 800 oili hiyo imwagwe chomboni, si ardhini, kwa kuwa itakuwa imebeba chembe za chuma.

Tulipolikaribia boma la Wajerumani la mwaka 1895, mzee aliomba gari lisimame. Akashuka, akazunguka nyuma, akainama kuangalia bomba la moshi. Halikutoa buluu.

"Korosho zangu hazikupotea," alisema, akarudi kuketi karibu na mwanawe.