Mgeni na Kura Katika Nchi ya Rufiji

Atokaye Dar es Salaam akishika njia ya kusini, akapita Mbagala, Mkuranga na Bungu, hufika Kibiti akiwa bado ana nguvu za safari. Mji wenyewe si mkubwa, lakini umekaa mahali pa kukutana watu. Mbele yake njia kuu yaendelea hadi Ikwiriri na Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003 likawaondolea wasafiri taabu ya kungoja kivuko. Upande wa mashariki zatoka njia zipitazo baina ya mikorosho na minazi mpaka Nyamisati, ambako watu hupanda vyombo vya kwenda Mafia. Huko ndiko uanzapo ulimwengu mwingine. Mto Rufiji wagawanyika mikono mingi, maji baridi yakutana na maji ya chumvi, na mikoko yatanda juu ya hekta zipatazo 53,000.

Katika nchi hii mgeni si kitu kipya. Kwa miaka mingi majahazi yalikuja kuchukua boriti za mikoko, yakazipeleka mpaka Arabuni. Wahindi na Waarabu walifungua maduka, wakanunua mpunga na pamba. Hata vita vya wageni vilipiganwa humu, na manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto, ikaishia humo mwezi wa Julai 1915.

Sisi tulifika mwezi wa Novemba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 27. Tulitaka kujua jambo moja: wakaazi wa Kibiti na delta ambao hawakuzaliwa huko wanavionaje vyama vya siasa? Maana sheria yawahesabu kuwa wakaazi. Raia aliyetimiza miaka 18, akawa anakaa katika kijiji na kujiandikisha humo, ana kura sawa na aliyezikwa babu yake hapo. Asiye raia hana kura, lakini naye hula chumvi ya mahali na kuongozwa na mwenyekiti yule yule.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba swali hili ni la zamani. Mwaka 1958 na 1959, Tanganyika ilipopiga kura zake za kwanza, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa hivyo Mhindi mwenye duka alilazimika kupima: aelekee UTP, chama kilichosimama juu ya utaratibu ule wa mataifa matatu, au aelekee TANU, chama cha walio wengi? Wengi waliona kuwa usalama wa mgeni uko katika kupatana na mwenyeji, na Chama cha Waasia kiliunga mkono wagombea wa TANU. UTP kikatoweka.

Tena mwenyeji wa Rufiji mwenyewe amekwisha kuonja ugeni. Baada ya gharika ya mwaka 1968 watu walihamishwa kutoka bondeni wakapelekwa katika vijiji vya nchi ya juu, kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji, nayo ilisimamiwa na chama na serikali. Basi wengi ambao leo huitwa wenyeji wa vijiji vile, wazee wao walifika wakiwa wamebeba mikeka na vyungu vyao kichwani.

Sasa tuyaeleze tuliyoyasikia. Tulizungumza na walimu na waganga waliopelekwa Kibiti kutoka bara. Hawa husema kidogo, kwa kuwa mtumishi wa serikali aogopa kuhesabiwa upande. Lakini kwa faragha walituambia kwamba rangi ya bendera haiwashughulishi. Walilolitaka ni mwenyekiti atakayeitisha mkutano mkuu wa kijiji kwa wakati wake, akasoma mapato na matumizi mbele ya watu, wala asiufanye muhuri wa kijiji kuwa mali yake.

Wafugaji walikuwa na mengi zaidi. Wengi wao ni Wasukuma na Wamang'ati walioanza kuingia kwa wingi baada ya serikali kuwaondoa Usangu mwaka 2006 na 2007. Hawa walituambia kuwa kila chama huwajia na ahadi za malambo na njia za mifugo, na kura zikishapigwa mwenyekiti huwa hana ardhi ya kuwapa. Wengine walikiri kwamba wamechukua kadi ya CCM kama mtu achukuavyo mwavuli, si kwa mapenzi ya mwavuli bali kwa khofu ya mvua. Wengine waliupenda upinzani kwa sababu uliahidi kuwasemea, lakini wakachelea kuonekana. Na wote walikuwa na khofu moja, nayo ni mgombea atakayeomba kura kwa kuahidi kuwafukuza.

Haifai tusikilize upande mmoja tu. Mwenye shamba la mpunga, alalaye juu ya dungu usiku kucha akilinda nafaka yake na nguruwe, akishuka asubuhi akakuta ng'ombe mia wamepita, hasira yake si ya kabila. Ni ya njaa. Ugomvi wa namna hii ulimwaga damu na kuleta ghasia Ikwiriri mwaka 2012. Ndipo uonekanapo uzito wa uchaguzi wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni halmashauri ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu, igawayo ardhi ya kijiji. Mtu hakutani na Bunge anapotafuta pa kulima au pa kunywesha. Hukutana na mwenyekiti.

Katika delta, maji yanapotoka na chombo kukaa juu ya tope, mtu hupata nafasi ya kuzungumza. Tuliwakuta wavuvi wa dago, wakaao miezi michache kisha wakaondoka. Hawa kura zao ziko kwao, na hapa huitwa tu wakati wa ushuru. Waliviona vyama vyote sawa. Walichouliza ni kama ushuru wanaotoa una risiti.

Wenye maduka mjini walitaja neno moja kuliko yote: amani. Wanaikumbuka 2017. Katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji waliuawa watu zaidi ya 30, wengi wao viongozi wa vijiji na askari. Na tarehe 13 Aprili mwaka ule askari wanane waliuawa kwa siku moja huko Kibiti. Pikipiki zilipigwa marufuku usiku, maduka yakafungwa kabla ya Magharibi, na watu wengine hawajulikani walipo mpaka leo. Aliyeyaona hayo hamwulizi mgombea chama chake kwanza. Humwuliza kama ataweza kukaa na kila mtu.

Uchaguzi ukapita. CCM kilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya viti vya vijiji nchini, na vyama vya upinzani, khasa CHADEMA na ACT Wazalendo, vikalalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa kabla ya kura. Hapana shaka kwamba mahali ambapo uchaguzi hauna wa kuchaguliwa, mgeni na mwenyeji hupungukiwa pamoja. Lakini Rufiji ina khabari yake ya kufundisha. Mwaka 1965, chama kilipokuwa kimoja tu, Bibi Titi Mohamed, jina kubwa la kupigania uhuru, alisimama Rufiji akashindwa. Wapiga kura walionyesha kuwa bendera ikiwa moja bado mtu hupimwa.

Basi twawaambia vijana wetu, khasa wa vijiji vyenye watu mchanganyiko: uongozi ni amana, na jirani ana haki yake ijapokuwa si ndugu wala si wa kabila lako. Anayekuomba kura kwa kumtukana jirani yako leo, kesho atatafuta mwingine wa kumtukana, na huenda ukawa wewe. Nendeni katika mikutano ya kijiji, mwulize hesabu, mdai risiti, na mgeni naye mpeni nafasi ya kusema. Mwenyezi Mungu aijaalie nchi ya Rufiji amani na viongozi waadilifu. Amin.