Saa ya Rubani, Kolwezi

Basi liliondoka Lubumbashi alfajiri. Baada ya Likasi barabara ilikuwa ya malori tu, yamesheheni shaba, na vumbi jekundu. Wengi huenda Kolwezi kutafuta kobalti; mimi, safari yangu ya kwanza, nilifuata saa moja ya mkono.

Njiani niliuliza Shinkolobwe iko upande gani. Jirani yangu akanyoosha kidole dirishani. Dunia inaujua mgodi ule kwa urani ya bomu la Hiroshima, lakini kabla ya bomu ulitafutwa kwa radiamu. Tangu 1922 kampuni ya Union Minière iliyasafisha mawe yake kiwandani Olen, Ubelgiji. Radiamu ndiyo iliyotiwa katika rangi ya kung'aa gizani, ikapakwa kwenye namba na mishale ya saa, rubani apate kusoma usiku.

"Karibu, mwanangu," mzee mwenye saa hiyo alinipokea Kolwezi.

"Asante, Papa."

Akafungua leso. Ilikuwa Breitling Navitimer, kronografu iliyoanza kutengenezwa 1952, yenye duara la kukokotolea mafuta na mwendo. Baba yake, fundi wa kiwanja cha ndege cha Kengere, hapo Kolwezi, aliachiwa saa hiyo na rubani kabla ya vita vya kujitenga kwa Katanga. Katika vita hivyo, Desemba 1962, ndege za Umoja wa Mataifa zilikishambulia kiwanja hicho.

Nikatoa lenzi. Kingo za chuma bado kali, hazijaguswa na msasa. Namba zimegeuka kahawia kama ukoko wa ugali, na mshale wa dakika umemeguka rangi kidogo nchani. Mzee akabonyeza kitufe cha juu. Mshale mrefu ukaondoka bila kusita. Tukaifunika kwa koti tuone kama inang'aa. Giza tupu. Rangi imechoka, radiamu haijachoka: hupungua nusu kwa miaka 1,600.

Fundi mmoja wa mjini alitaka kuing'arisha na kuipaka uso rangi upya. Papa alikataa, na alifanya vyema. Saa iliyopakwa upya imefutiwa maisha yake, hata ikipendeza vipi.

Hakuiuza, nami sikumbembeleza. Nilichomwomba ndicho ninachokuomba nawe, ukirithi saa ya namna hii: usiifungue nyumbani wala usikwangue namba zake. Vumbi la ile rangi likivutwa puani lina madhara. Iache ilivyo, mbali na watoto.