Daftari Nililolichana

Wakati wa likizo ya Desemba binti yangu alinipigia simu kwa hasira. "Baba, njoo uzungumze na mjukuu wako," alisema. "Kutwa yuko kwenye kompyuta na michezo yake. Mimi nimeshindwa." Njiani nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu, yale yale niliyowaambia watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini ya ualimu: kwamba mchezo na kazi havikai chungu kimoja.

Kijana yuko Kidato cha Tatu. Aliniamkia kwa adabu, akanipisha kiti. Nikamwuliza anacheza nini.

"Sichezi, Babu," akanijibu. "Natengeneza."

Ndugu msomaji, sikuwa nimepata kufikiri kwamba michezo ile ina watunzi. Nilidhani hutoka kiwandani kama sabuni. Basi badala ya kumwonya nikamwuliza: ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye akili zake akae chini atunge mchezo?

Akanieleza habari za Shigeru Miyamoto, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1952 katika mji mdogo karibu na Kyoto. Alipokuwa mtoto alizoea kuzurura porini na vilimani. Siku moja aligundua pango. Alilihofu, lakini baadaye alirudi na taa akaingia ndani. Alipokuwa mtu mzima, katika kampuni ya Nintendo, aliongoza utengenezaji wa mchezo uitwao The Legend of Zelda, uliotoka mwaka 1986. Ndani yake mchezaji hutembea porini na kuingia mapangoni, asijue atakutana na nini. Mjapani mwenziwe, Satoshi Tajiri, utotoni alipenda kukusanya wadudu. Mji ulipokua, mashamba na madimbwi yalitoweka chini ya majengo. Yeye ndiye aliyebuni Pokémon, mchezo wa kutafuta na kukusanya viumbe, uliotoka mwaka 1996, ili watoto wa mjini nao waionje furaha ile.

Kisha akanitajia Alexey Pajitnov wa Moscow. Huyu alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Alipenda mafumbo ya kupanga vipande vya maumbo mbalimbali ndani ya kisanduku, na mwaka 1984, kutokana na mafumbo hayo, akabuni Tetris. Hakutumwa na mkubwa wake.

Lakini aliyenigusa zaidi ni jirani yetu, Lual Mayen. Wazazi wake waliikimbia vita ya Sudan, naye akazaliwa safarini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kompyuta, mama hakumcheka. Alishona nguo na kuweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300. Kambini hapakuwa na umeme, hivyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo aliouita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita akitafuta maji na chakula. Baadaye alihamia Marekani akaendelea na kazi hiyo.

Niliyatafakari hayo usiku kucha. Niliona kwamba hao wote hawakuanza na mashine. Kila mmoja alianza na jambo lililompata yeye mwenyewe: pango, mdudu, fumbo, njia ya ukimbizi. Kisha akatamani mwenziwe naye alipitie. Kumbe kutunga mchezo ni namna ya kumwambia mtu, "Njoo uone nilichokiona mimi." Mashine ni chombo tu, kama kalamu ilivyo kwa mshairi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtoto mmoja.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Katika kipindi cha hesabu nilimkuta mvulana wa darasa la sita ameinama juu ya daftari. Alikuwa amechora njia ndefu ya visanduku, kutoka nyumbani hadi mtoni. Vizibo vya soda ndio wachezaji, na dadu aliichonga kwa kipande cha muhogo mkavu. Pembeni aliandika masharti kwa mwandiko safi. Ukipata embe, songa mbele hatua tatu. Ukikutana na nyoka, simama zamu moja. Ukikutana na mwalimu mkuu, rudi mwanzo.

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimchapa viboko vinne, nikalichana lile daftari mbele ya wenzake, vipande nikavipeleka jikoni kwa mpishi vikawashie moto. Tangu siku ile mtoto yule alikaa kimya darasani, na nilijisifu kwamba ametulia.

Chuoni tulifundishwa, tena mwanzoni kabisa, kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Niliyaandika maneno hayo katika mtihani, nikayapatia alama nzuri. Yalipokuja kukaa mbele yangu juu ya dawati, sikuyatambua. Mtoto yule alikuwa amekwisha kufanya hesabu, Kiswahili na jiografia ya kijiji chetu katika ukurasa mmoja.

Asubuhi nilimsihi binti yangu amwachie kijana saa mbili kila jioni, baada ya masomo, nami nikaahidi kuchangia vifaa kwa kadiri pensheni yangu itakavyoruhusu. Alishangaa, akasema hakuniita kwa hilo. Nikamjibu kwamba hata mimi sikuja kwa hilo.

Kisha nikamsimulia mjukuu wangu habari za lile daftari. Alisikiliza kimya, halafu akachukua kalamu ili ayaandike masharti. Embe, nyoka, mwalimu mkuu. Akauliza, "Na baada ya hapo, Babu? Ukifika mtoni inakuwaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Nililichana daftari kabla sijasoma hadi mwisho.

Nanyi walimu wenzangu mlio bado kazini, mkikuta mtoto amechora kitu wakati wa somo, mwonyeni kama inavyopasa. Lakini kwanza kisomeni chote.