Chuma Nacho Huchoka

Asiye na koleo hukata waya kwa kuukunja na kuukunjua pale pale mpaka ukatike. Mkunjo wa kwanza hauukati, wala wa kumi. Wahandisi huliita jambo hili uchovu wa chuma, nami nalipenda jina hilo kuliko neno "uzee", ambalo ndilo tunalolikimbilia tunapozungumzia hatari za vinu vya nyuklia. Kinu kina miaka mingapi? Twauliza hivyo, na tukiambiwa ni kipya twalala usingizi.

Huko Civaux, Ufaransa, kinu cha kwanza kilianza kutoa umeme Desemba 1997. Tarehe 12 Mei 1998, kikiwa kimezimwa, bomba la mfumo wa kuondoa joto linalobaki lilipasuka penye kiwiko. Ufa ulikuwa wa sentimita 18, na maji yakavuja kiasi cha mita za ujazo 30 kwa saa. Bomba lenyewe lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, na halikuwa na miaka. Lakini karibu na kiwiko kile maji ya moto yalikutana na ya baridi yasichanganyike vizuri. Chuma kikawa kinatanuka na kunywea, kinatanuka na kunywea, bila kupumzika.

Kinu cha Monju, Japani, nacho kilikuwa kichanga. Kiliwashwa mara ya kwanza mwaka 1994. Tarehe 8 Desemba 1995 ala nyembamba ya chuma iliyohifadhi kipimajoto ilikatika ndani ya bomba la sodiamu. Mkondo wa sodiamu ndio uliokuwa ukiitikisa, nayo ikakatikia pale unene wake ulipopungua ghafla. Kilo 640 hivi za sodiamu zilimwagika na kuwaka moto. Bahati njema, sodiamu ya upande ule haikuwa na mionzi.

Kila kinu kina kumbukumbu ya mara kilizowashwa na kuzimwa, maana wabunifu hukadiria mapema chuma kitastahimili mara ngapi. Hilo ni jema. Shaka yangu iko kwa mitikisiko midogo, ile isiyoandikwa na mtu, ambayo kwa miezi michache tu hupita hesabu yote ya daftari. Baada ya Civaux, Wafaransa walikagua vinu vya aina ile ile huko Chooz. Walikuta nyufa sehemu zile zile, na hakuna tone lililokuwa limevuja.