Jua Lililowekwa Golini

Mpwa wangu wa darasa la sita alielekeza simu kwenye mkeka wa sebuleni, na jua likaelea hapo na sayari zake nane. Kwa programu hiyo unaweza kulizunguka jua, ukainama na kuzitazama pete za Zohali kwa chini. "Mjomba, kutoka Dunia hadi Mshtarii ni shibiri moja tu," akaniambia, huku akipima kwa vidole.

Umbali huo sisi tuliutembea. Ilikuwa Sumbawanga, shule ya msingi, mwaka ambao chombo cha anga Voyager 1 kiliipita Mshtarii. Nimeangalia: Machi 1979. Labda somo lenyewe lilikuwa mwaka uliofuata, haidhuru. Shule ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi, ukitunzwa ofisini na kupakwa mafuta ya ng'ombe usipasuke, hata ukiitwa ofisini kwa kosa lolote harufu ya mafuta yale ndiyo iliyokupokea mlangoni. Siku hiyo mwalimu wa sayansi aliutoa, tukashangilia tukidhani tunakwenda kucheza. Akauweka katikati ya goli. Hili, akasema, ndilo jua.

Kipenyo cha jua ni sawa na Dunia 109 zilizopangwa mstari. Kwa hiyo Dunia yetu ilikuwa punje ya ulezi. Nikakabidhiwa mimi, nikapiga hatua ndefu 24, nikasimama nimeibana kwa ncha za vidole, nikiogopa kuidondosha majanini. Mwenzangu wa Mshtarii alipewa gololi kubwa. Akavuka mstari wa kati, akalipita goli la pili, akasimama pembeni mwa mahindi. Wa Neptuni akatumwa barabarani, zaidi ya nusu kilometa, hata tukashindwa kumtambua. Mwalimu akapaza sauti: nyota ya jirani inayofanana na jua letu ingekuwa mpira mwingine huko Ulaya, na katikati karibu kote ni utupu. Uwanja mzima ulinyamaza. Mpaka leo nikisikia mtu akitaja anga, mwili wangu unakumbuka nafasi ile.

Miaka ikakimbia. 1986 tulikesha kuitafuta nyota yenye mkia ya Halley. 2004 Zuhura ikapita mbele ya jua. 2006 Pluto ikaondolewa kwenye orodha ya sayari. 2016 jua likapatwa, watu wakamiminika Rujewa kulitazama. Kisha simu, na vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu.

Najua kwa nini programu hubana umbali. Jua likiwa na ukubwa wa mpira hapo mkekani, Neptuni itakuwa mtaa mwingine, na Dunia haitaonekana. Ndiyo maana sayari hukuzwa na kusogezwa. Kinachoniudhi ni kwamba mtoto hakuambiwa na yeyote.

Na uwanja wetu? Umemegwa. Vibanda vya maduka vimefika mstari wa kati.

Simu zisitupwe. Mwalimu wetu alizichora pete za Zohali kwa chaki, wala hakuwa na njia ya kutupitisha chini yake. Mpwa wangu amepita. Lakini akishaziona, atolewe nje, apewe punje, atembee. Somo hilo halitaki fedha, linataka ardhi ndefu iliyo wazi, na hiyo ndiyo tunayowanyima watoto kila kiwanja cha shule kinapokatwa.