Mtoto Apimwe kwa Lugha ya Kwao

Kazi yangu ni kuwasimamia kliniki vijana wanaosomea tiba ya usemi na lugha. Wanapofika kwangu huwa wamekwisha kusoma mengi darasani. Wanajua sehemu za ubongo, wanajua misuli ya ulimi na kaakaa, wanaweza kukueleza tofauti ya kigugumizi na kithembe. Wanachokuja kujifunza ni kupima: kuketi mbele ya mtoto asiyesema, au mzee aliyepatwa na kiharusi, na kueleza bila kubahatisha tatizo liko wapi na lina ukubwa gani. Ninachowafundisha naweza kukifupisha hivi: anza na lugha anayoisikia mtu huyo nyumbani kwake. Ukikosea hapo, hesabu zote zitakazofuata ni za bure.

Nasema hivyo kwa sababu vipimo vingi tulivyo navyo havikutungwa kwa ajili ya watu wetu. Fani yenyewe bado changa kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichotangulia Afrika Mashariki katika shahada hii, kilianza kuifundisha mwaka 2008. Wengi wa waliotangulia walisomea ng'ambo, na vipimo walivyorudi navyo ni vya huko. Kipimo cha Boston cha kutaja majina, kinachotumika sana kwa wagonjwa wa kiharusi, kina picha 60. Zinaanza na vitu vya kawaida kama kitanda na mti, lakini mbele ya safari kuna nyumba ya barafu, na kuna mnyama wa mito ya Marekani Kaskazini anayejenga mabwawa kwa matawi ya miti. Mzee aliyestaafu kazi ya reli Tabora akishindwa kumtaja mnyama huyo, hujajua lolote kuhusu ubongo wake. Umejua tu kwamba hajawahi kumwona.

Kwa hiyo mezani kwetu kuna vitu vyenyewe: kijiko, kufuli, kitana, kiberiti, sarafu. Asubuhi moja mwanafunzi alimpokea mzee aliyeletwa na binti yake wiki chache baada ya kiharusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, nzuri."

Akamwomba ahesabu. Mzee akaenda moja hadi kumi bila kukwama. Akaombwa asome Alhamdu, akaisoma hadi mwisho. Mwanafunzi akaandika kwamba usemi ni mzuri. Nikampa kitana nikamwambia amuulize mzee ni kitu gani. Mzee alikitazama, akakipitisha kichwani mara mbili, midomo ikacheza, neno halikuja. Akaonyeshwa kufuli. Akazungusha vidole kama anayefungua mlango, na neno halikuja vilevile.

Maamkizi, hesabu ya moja hadi kumi na dua tulizozihifadhi tangu utotoni hutoka zenyewe hata pale kiharusi kilipoharibu njia ya kutafuta maneno. Sisi ni watu wa kuamkiana kwa kirefu, na maamkizi hayo yanaweza kuuficha ugonjwa mbele ya daktari, mbele ya ndugu, hata mbele ya mwanafunzi aliyefaulu vizuri mitihani yake. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu mdomoni ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Kusema na kuelewa vinaweza kuharibika kila kimoja kwa nafasi yake, na mwanafunzi hana budi kuvipima kimoja kimoja. Amwamkie mzee kwa adabu zote, kisha aendelee: ataje vitu, afuate maagizo, arudie sentensi, aeleze alichofanya jana. Hapo ndipo tatizo linapojitokeza.

Kwa watoto kazi ni ngumu zaidi, maana mtoto bado anajenga lugha yake. Mwanafunzi anaonyesha picha ya barabara, mtoto wa miaka mitano anasema "balabala", na kalamu tayari inataka kuandika kwamba sauti ya r haijapatikana. Sheria yangu ni moja: kabla hujaandika kosa la mtoto, mwombe mama, au bibi aliyemleta, ataje picha ileile. Mama akisema "balabala", mtoto amejifunza vyema kile alichofundishwa. Ziko nyumba nyingi Tanzania ambako r na l hubadilishana, na ziko nyingi ambako thamani ni "samani", dhahabu ni "zahabu" na ghali ni "gali". Hayo si maradhi. Ni Kiswahili cha watu wenye lugha nyingine za nyumbani, na mtaalamu anayeyatibu anapoteza muda wa mtoto na nauli ya mzazi.

Lakini mtoto huyohuyo wa miaka mitano akimwita kuku "tutu", na kaka yake "tata", sikiliza kwa makini. Hakuna nyumba inayosema hivyo. Mtoto wa miaka miwili akibadilisha k kuwa t hatuna wasiwasi, kwani wengi hupitia hapo. Wa miaka mitano anahitaji msaada. Ili mwanafunzi atofautishe mambo haya anahitaji kujua watoto wazima wa lugha hii husema nini katika kila umri, na hapo ndipo tuna upungufu mkubwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu ukuaji wa matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa Dar es Salaam wa miaka mitatu hadi mitano. Ni kazi nzuri na tunaitegemea, ila ilihusu watoto 24. Watoto 24 wa jiji moja hawawezi kuwasemea wenzao wa Unguja, Mwanza, Mombasa na Bukavu.

Sarufi nayo ina mtego wake. Vitabu vya ng'ambo hufundisha kupima ukuaji wa lugha kwa urefu wa sentensi, na mwanafunzi mwenye haraka huhesabu maneno. Sasa tazama mtoto anayesema "hatutawapikia". Ni neno moja, lakini ndani yake kuna ukanushi, kuna sisi, kuna wakati ujao, kuna wale watakaopikiwa, kuna kitendo chenyewe, na kuna ile i inayoonyesha kwamba kinafanywa kwa ajili yao. Ukihesabu neno moja umemdhulumu. Wanafunzi wangu hurekodi mazungumzo ya mtoto akicheza, huyaandika kama yalivyotamkwa, kisha hukata kila kitenzi vipande na kutazama ni vipande gani mtoto anavyo na vipi havijaja. Halafu hutazama upatanisho: je, anasema "vitabu vyangu vimepotea", au kila kitu kwake ni "yangu imepotea"? Na hapo tena tunarudi kwa mlezi, kwa sababu wapo watu wazima wengi wasemao "vitabu yangu imepotea" sokoni na kazini bila kigugumizi wala ugonjwa wowote.

Mtoto mwenye lugha mbili hupimwa kwa zote mbili. Akijua jina la maji kwa Kisukuma na jina la mpira kwa Kiswahili, ana maneno mawili, wala tusimkate moja. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na wakawauliza wazazi kwa mdomo badala ya kuwapa karatasi wajaze. Mama asiyejua kusoma anayajua maneno ya mwanawe barabara, ilmradi umuulize kwa utaratibu. Nawahimiza wanafunzi waige njia hiyo.

Upimaji wa uelewa ndio unaonipa kazi kubwa zaidi ya kufundisha, kwa sababu mwili wa mpimaji husema kuliko mdomo wake. Nakumbuka mtoto wa miaka minne aliyeletwa kwa kuwa hasemi ila maneno machache. Mama alisisitiza kwamba anaelewa kila kitu. Mwanafunzi akamwambia, "Weka kijiko ndani ya kikombe," macho yake yakiwa kwenye kikombe na kidole kikikielekea. Mtoto akaweka. "Nipe mpira," na kiganja kimekwisha kunyooshwa. Mtoto akatoa. Nikamwomba mwanafunzi aweke mikono chini ya mapaja, amtazame mtoto usoni, na aufunike mdomo wake kwa karatasi kabla ya kusema. Akarudia maagizo yaleyale. Mtoto akatulia, akamgeukia mama yake, akausoma uso wake, na hakugusa kitu.

Tulipouliza tena historia, mama alieleza kwamba mtoto alilazwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajafikisha mwaka. Homa hiyo inaweza kuua usikivu. Kipimo cha masikio kilithibitisha kwamba alikuwa hasikii vya kutosha kujifunza lugha kwa kusikia, na akaanza safari ya vifaa vya kusikia na lugha ya alama. Muda wote huo nyumbani aliitwa mkaidi. Ndiyo maana kwetu masikio hupimwa kwanza, hata kama mzazi anaapa kwamba mtoto anasikia mlango ukigongwa.

Kinywa pia hutazamwa: midomo, meno, kaakaa, mwendo wa ulimi, kasi ya kurudia pa-ta-ka. Hapa mwanafunzi hukutana na ushauri aliokwisha kupewa mzazi mtaani, kwamba mtoto akatwe udata au akatwe kimeo ndipo aseme. Udata ukikaza sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka sauti chache. Haumzuii kujifunza maneno wala kuelewa anachoambiwa. Kukata kimeo hakuleti usemi hata kidogo, na kwa wembe wa mtaani kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi. Mwanafunzi lazima ajue kumweleza mzazi haya kwa heshima, bila kumdharau bibi aliyetoa ushauri, kwa kuwa bibi huyo ndiye atakayezungumza na mtoto mchana kutwa wakati wa tiba.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni kwamba kila mwanafunzi wa fani hii, kabla hajahitimu, arekodi na kuchambua mazungumzo ya watoto wazima wa eneo analotoka, kwa idhini ya wazazi wao, na kazi hizo zikusanywe mahali pamoja. Baada ya miaka michache tutakuwa na vipimo vya Kiswahili vilivyotokana na watoto wanaosema Kiswahili. Na kwako mzazi: mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja, usingoje kwa kuwa baba yake naye alichelewa kusema. Mpeleke hospitali, omba apimwe masikio, na ukiwa huko zungumza naye mbele ya mpimaji kwa lugha ileile mnayoitumia nyumbani.