Hadhira na Makasi: Mkasa wa Filamu ya Vita ya John Huston

Mtambaji wa ngano anapoita "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", mkataba huwa umefungwa baina yake na hadhira. Tangu hapo hadhira ina haki zake: yaweza kucheka, kuguna, kuuliza, hata kusinzia, naye fanani hana budi kuzisoma dalili hizo na kuugeuza utambaji wake papo hapo. Hayo ni maarifa ya kawaida kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba tasnia ya filamu nayo ina utaratibu unaokaribiana na huo. Kabla ya filamu kutolewa rasmi, kampuni huionyesha kwa watazamaji wachache, kisha huwapa kadi waandike maoni yao. Maonyesho hayo ya majaribio huweza kuamua tukio lipi libaki na lipi litupwe. Je, kadi hizo ndizo "Pakawa" ya karne ya 20?

Mnamo 1895 Stephen Crane alichapisha The Red Badge of Courage, riwaya fupi kuhusu Henry Fleming, kijana anayejiunga na jeshi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Vita vinapopamba moto kijana huyo anatoroka, kisha baadaye anarejea kikosini na kupigana. Crane mwenyewe alizaliwa 1871, vita hivyo vikiwa vimekwisha. Hakusimulia ushindi wa majemadari bali hofu ndani ya kifua cha askari mmoja.

Mwelekezi John Huston aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu chini ya kampuni ya MGM. Tangu awali kampuni iligawanyika: Louis B. Mayer, mkuu wa studio, aliupinga mradi, ilhali Dore Schary, msimamizi wa utayarishaji, aliuunga mkono. Uhusika mkuu alipewa Audie Murphy, askari aliyetunukiwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake katika Vita vya Pili vya Dunia. Shujaa halisi ndiye aliyeigiza mwoga. Kinaya hicho peke yake kilitosha kuifafanua riwaya.

Mapema mwaka 1951 filamu ilijaribiwa mbele ya watazamaji wa eneo la Los Angeles. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wakifa katika vita vya Korea. Baadhi ya watazamaji waliinuka na kutoka, wengine walicheka palipostahili kimya, na kadi nyingi zilirudi na lawama. Huston hakukaa kuitetea kazi yake. Alisafiri kuja Afrika kutengeneza The African Queen, ambayo sehemu yake ilipigwa Uganda na Kongo, na ambayo hadithi yake yatokea katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Mwenye hadithi akawa mbali, nao makasi yakabaki mikononi mwa wengine.

Makasi hayo hayakuona haya. Tukio la kifo cha askari mwenye nguo zilizoraruka, mojawapo ya yale yaliyowatia watu kicheko, liliondolewa. Matukio ya mapigano yalipangwa upya. Iliongezwa sauti ya msimulizi, na mwanzoni kabisa sauti hiyo iliwaarifu watazamaji kwamba kitabu hiki kilikwisha kukubaliwa kuwa kazi bora ya kivita. Sawa na mzee anayewakanya watoto wasicheke kabla hata ngano haijaanza. Filamu iliyotolewa mwaka 1951 ilikuwa na dakika 69 tu. Wahakiki kadhaa waliisifu, lakini kampuni ilipata hasara.

Yamkini msomaji atauliza: kwani hadhira ilikosea nini? Haikukosea. Mtazamaji aliyechoshwa ana haki ya kusema amechoshwa, na sanaa isiyosikiliza watu hubaki ikijisemea yenyewe. Kasoro imo katika njia iliyoibeba sauti ya hadhira. Kicheko kina maana nyingi. Mtu aweza kucheka kwa dharau, au kwa sababu kifo anachokiona kinamkaribia mno naye anajikinga. Fanani aliye mbele ya watu huyaona macho yao na huweza kutofautisha. Kadi haina macho. Zaidi ya hayo, fanani aliyeguniwa leo hutamba tena kesho, na ngano yake huendelea kuwa hai kwa sura nyingine. Filamu iliyokatwa haikupewa kesho hiyo. Vipande vilivyoondolewa havijapatikana hadi leo.

Pana jambo jingine la kusikitisha. Riwaya ya Crane yahusu hofu inayomfanya mtu akimbie kabla hajajua ukubwa wa hatari. Wenye filamu waliposikia kicheko cha jioni chache, nao walikimbia, tofauti ikiwa kwamba Henry Fleming alipata nafasi ya kurudi.

Mkasa huu wajulikana kwa undani kwa sababu mwandishi Lillian Ross aliufuatilia hatua kwa hatua na kuuchapisha mwaka 1952 katika kitabu Picture. Filamu nyingine nyingi za kihistoria hazikupata shahidi wa aina hiyo. Kwa hivyo, mhakiki anayetazama vita vya kale kwenye pazia la sinema asiishie kuuliza iwapo mwelekezi ameifuata historia au riwaya. Aulize pia ni nani walioonyeshwa kwanza, walijibu nini, na nani aliyekabidhiwa kulifasiri jibu lao.